Kutengeneza, Kukarabati, Kufufua: Pikipiki ya Bwana Shamba

Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kuirudisha kazini zana iliyoharibika. Kuna kutengeneza, ambacho ni kitenzi cha kila siku na hakiulizi historia ya kitu. Kuna kurekebisha, kinachodokeza kwamba kitu kilikuwa karibu sawa. Kuna kukarabati, kilichozoea majengo na barabara kabla ya kuhamia kwenye mitambo. Na kuna kufufua, ambacho mafundi wa mitaani hukitumia bila hofu yoyote ya kuingilia kazi ya Muumba. Vitenzi hivi havina maana moja, na mtu anayejikuta mbele ya pikipiki kuukuu hulazimika kuchagua kimojawapo kabla hajashika spana, hata kama hajui kwamba anachagua. Maana swali lililojificha nyuma yake ni hili: kitu hiki kirudishwe wapi? Siku kilipotoka kiwandani, siku kilipokuwa na nguvu mikononi mwa mwenyewe, au siku kilipozimika?

Pikipiki inayozungumziwa hapa ni Yamaha DT 125 ya katikati ya miaka ya 1970, yenye shokapu mbili nyuma, umeme wa volti 6 na injini ya mipigo miwili. Imo Morogoro, katika ua wa mwalimu mstaafu wa sekondari ambaye hapa ataitwa Mwalimu tu, kama majirani wanavyomwita. Aliyeiendesha ni marehemu baba yake, bwana shamba aliyezunguka katika mashamba ya kahawa ya Mbozi. Hapo mwanzo ilikuwa mali ya serikali. Katika miaka ya 1990 serikali ilipopunguza watumishi, bwana shamba naye alikuwa miongoni mwa waliopunguzwa. Mashine ileile ilipopigwa mnada aliinunua kwa sehemu ya kiinua mgongo chake, akaipaka rangi ya kijani kwa brashi, kisha akaendelea kuwatembelea wakulima pasipo mtu wa kumtuma wala wa kumlipa. Alipofariki, pikipiki ilisukumwa stoo, ikakaa chini ya magunia kwa zaidi ya miaka 20.

Nasaba ya chombo hiki si ya heshima ya moja kwa moja, na yafaa ielezwe. Mwaka 1939 kiwanda cha DKW cha Zschopau, Ujerumani, kilitoa pikipiki ndogo iliyoitwa RT 125. Silinda yake ilikuwa na kipenyo cha milimita 52 na mwendo wa pistoni wa milimita 58. Baada ya vita, michoro yake ikawa kama mswada usio na mwenyewe. Warusi waliinakili wakaiita Moskva; Harley-Davidson wakatoa yao huko Marekani; Waingereza mwaka 1948 wakatoa BSA Bantam, wakiwa wameigeuza injini nzima kama inavyoonekana katika kioo ili pedali ya gia iangukie mguu wa kulia, kama walivyozoea. Wajerumani wenyewe, waliokwisha kugawanyika, waliendelea kuiunda pande zote mbili za mpaka. Mwaka 1955 kampuni ya Yamaha ikatoa pikipiki yake ya kwanza kabisa, YA-1, yenye vipimo vilevile vya 52 kwa 58. DT 125 si nakala ya RT, kwani silinda yake ni ya 56 kwa 50, lakini ni mjukuu wa nakala. Jina la kampuni hiyo lenyewe linatokana na Torakusu Yamaha, ambaye mwaka 1887 aliitwa kutengeneza kinanda kibovu cha shule moja ya msingi mjini Hamamatsu, kinanda cha aina inayotoa sauti kwa vilimi vya chuma vinavyotikiswa na pumzi. Injini ya DT nayo huvuta hewa kupitia vilimi vyembamba vya chuma. Huenda ni sadfa tu, ila ni sadfa inayomfurahisha mtu wa lugha.

Mwalimu alifundisha Kiswahili na fasihi, si ufundi. Kwa hiyo alianza kwa kuielewa injini kama ambavyo angeielewa beti ngumu, yaani kwa kuuliza kila kiungo kinafanya nini. Katika injini ya mipigo minne pistoni hupanda na kushuka mara mbili kwa kila mwako mmoja, na vali hufungua na kufunga kwa zamu. Katika mipigo miwili kila pistoni inapofika juu kuna mwako, na badala ya vali za juu kuna matundu yaliyochongwa katika kuta za silinda, ambayo pistoni yenyewe huyafunua na kuyaziba inapopita. Ikipanda, hufyonza mchanganyiko wa hewa na petroli katika kasha la krenki lililo chini yake. Ikishuka, huukandamiza mchanganyiko huo na kuusukuma juu kupitia njia za pembeni, nao ukaingia huku ukiufukuza moshi mbele yake. Kasha la krenki, ambalo katika injini nyingine ni bakuli la oili, hapa limekuwa pafu. Na kwa kuwa pafu haliwezi kujazwa oili, hapana budi oili isafiri pamoja na petroli, ipake beringi na kuta za silinda njiani, kisha iungue nayo. Moshi wa buluu unaowaudhi watu ni oili hiyo iliyokwisha kufanya kazi yake.

Kutokana na jambo hili hutokea hatari ambayo wengi hawaijui. Pafu lazima lizibwe. Pande mbili za krenki kuna sili za mpira zinazozuia hewa ya nje isiingie, na mpira uliokaa miaka 20 bila kuguswa hukauka na kupasuka hata kama kwa macho unaonekana mzima. Injini ya namna hii ikiwashwa itawaka. Tena itawaka vizuri, kwa mlio mkali na mwepesi unaomfanya mwenyewe apige makofi. Lakini hewa inayopenya imeshapunguza uzito wa mchanganyiko, na pamoja na petroli imepungua oili. Joto linapanda, pistoni inatanuka kuliko nafasi yake, na baada ya kilomita chache inakaba ndani ya silinda. Pikipiki nyingi kuukuu zimeuawa na watu waliokuwa na shauku ya kuzisikia zikilia. Ndiyo maana fundi mzee aliyekuja kumsaidia Mwalimu siku za Jumapili alikataa katakata kuipiga kiki siku ya kwanza. “Mwalimu,” alisema, “hii tuifungue kwanza. Ikiwaka leo, itatudanganya.”

Ilifunguliwa uani, juu ya turubai, kila skrubu ikiwekwa katika kopo lenye karatasi yake. Hapo ndipo kazi ilipoacha kuwa ya spana peke yake. Juu ya kichwa cha pistoni, baada ya kukwangua masizi kwa kijiti cha mti mgumu ili aluminiamu isikwaruzwe, ilionekana tarakimu 50. Maana yake ni kwamba silinda ilikwisha kuchongwa na kupanuliwa kwa nusu milimita, pengine kwa hatua mbili, kwa vile pistoni za ziada hupanda robo kwa robo. Gasketi ya kifuniko cha pembeni haikuwa ya kiwandani. Ilikuwa imekatwa kwa mkono kutokana na jalada la daftari la shule, kwa kuligongagonga taratibu kwa nyundo kufuata ukingo wa chuma kama mafundi wetu wafanyavyo. Upande wa ndani, chini ya grisi, jedwali la kuzidisha lilikuwa bado linasomeka kuanzia safu ya saba. Daftari hilo lilikuwa la nani kati ya watoto wa nyumba ile, haikujulikana.

La tatu ndilo lililoleta mjadala mkubwa. Tangu mwaka 1964 Yamaha walikuwa wamebuni pampu ndogo inayozungushwa na injini na kuunganishwa kwa waya na mshiko wa mafuta, ili oili itoke katika tangi lake na kuingia kidogo injini inapokuwa tulivu, na nyingi inapokazwa. Dereva hana haja ya kuchanganya chochote. Katika pikipiki hii pampu ilikuwa imeondolewa. Mahali pake palizibwa kwa kibati kilichokatwa kutoka katika debe, kikapigwa tupa hadi kikalala sawasawa, na kwenye fremu kilifungwa kichupa cha dawa ya kikohozi cha mililita 100. Bwana shamba alikuwa akichanganya mwenyewe: kichupa kimoja cha oili kwa lita mbili za petroli, yaani moja kwa ishirini.

Kwa anayeamini kukarabati, huu ni uharibifu. Kitabu cha kiwanda kinaonyesha pampu, kwa hiyo pampu irudi. Hoja hiyo ina nguvu, kwani uwiano mmoja usiobadilika ni oili nyingi mno injini inapotembea polepole. Huongeza moshi, na masizi huziba ekzosi. Lakini pampu ikifa njiani haitoi taarifa. Dereva hujua pale tu pistoni inapokaba, na katika vilima vya Mbozi wakati wa mvua mtu aliyekabwa na pistoni alikuwa ametembea kwa miguu hadi giza. Bwana shamba aliondoa kitu asichoweza kukiona kikifanya kazi, akaweka kitu alichoweza kukipima kwa mkono wake. Ushahidi wa silinda ulikuwa upande wake: nusu milimita tu kwa takriban miaka 20 ya vumbi na miinuko. Fundi aliushika ule ukuta wa silinda kwa kidole, akasema kwa ufupi kwamba mzee hakuwa mjinga.

Wahakiki wa miswada ya ushairi wetu wanalijua tatizo hili kwa jina jingine. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zisingetufikia zote kwa kalamu yake. Nyingi zilikusanywa kutoka vinywani mwa watu na Mwalimu Sikujua, akifanya kazi pamoja na W. E. Taylor mwishoni mwa karne ya 19. Baadaye zikapitia mikononi mwa Hichens aliyezichapisha mwaka 1940, kisha Mohamed Abdulaziz mwaka 1979. Kila mkono uliacha alama yake. Mhariri anapokutana na neno linalotofautiana katika nakala mbili, huwa na kishawishi cha kudhani kwamba lililo la kale zaidi ndilo sahihi, na kwamba mnakili ni mharibifu. Wakati mwingine ni kweli. Wakati mwingine mnakili ndiye aliyekuwa anaijua lahaja, tena anaujua wimbo unavyoimbwa, na badiliko lake lina akili kuliko andiko alilolikuta. Hakuna kanuni inayomwondolea mhariri wajibu wa kupima kila mahali kwa mizani yake.

Mwalimu alipima. Sili zilibadilishwa bila majadiliano, pamoja na beringi za krenki. Silinda ilipelekwa kwa mchongaji mwenye mashine ikapanuliwa kufuata pistoni ya 0.75, ambayo ilichukua miezi minne kupatikana. Platini zilisuguliwa na kuachiwa nafasi kati ya milimita 0.3 na 0.4. Gasketi mpya ilikatwa kwa karatasi halisi ya gasketi, kwa nyundo, kwa njia ileile. Ile ya jedwali la kuzidisha ilibanduliwa kwa wembe na kuhifadhiwa ndani ya kamusi. Kibati cha debe kilibaki mahali pake. Kichupa pia.

Ikumbukwe kwamba fundi mzee ndiye aliyekuwa kamusi nyingine ya kazi hii, na msamiati wake haupatikani wote katika maktaba. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 iliwapa walimu wa sayansi istilahi walizozihitaji, lakini gereji ilikuwa imekwisha kujitafutia njia yake. Pistoni, ringi, plagi, klachi na kabureta ziliingia zikiwa nomino za mkopo, na hilo halishangazi. Kinachostahili kuchunguzwa ni vitenzi, kwa kuwa hivyo karibu vyote ni vya nyumbani. Injini hunywa, hukohoa, huvuta, hukaba, huchoka. Plagi husomwa: ikitoka na rangi ya kahawia ni njema, nyeupe, mchanganyiko ni mwepesi na hatari i karibu, nyeusi yenye majimaji, oili au petroli imezidi. Hata majina mawili ya chombo chenyewe, pikipiki na tukutuku, ni tanakali za mlio. Leo barabara zimejaa pikipiki za mipigo minne kutoka China na India, ambazo ndizo riziki ya bodaboda, na kijana anayezitengeneza anaweza kufanya kazi miaka kumi asichanganye oili na petroli hata mara moja. Hana kosa. Ila vile vitenzi vya kusoma moshi na kupima kwa kichupa vinabaki kwa wazee wachache, na hakuna aliyekwenda kwao na daftari.

Wala isidhaniwe kwamba mipigo miwili inatetewa hapa kama kwamba haina dhambi. Mchanganyiko mpya unapoingia kuufukuza moshi, tundu la kutokea huwa bado wazi, na sehemu ya petroli hutoroka bila kuungua. Injini hizi zinakunywa zaidi na zinachafua hewa zaidi. Zimepotea barabarani kwa sababu za haki. Pikipiki moja ya marehemu inayotembea Jumapili haiubadilishi ukweli huo, wala haiugeuzi kuwa kosa la jinai.

Palipobaki ni rangi, na hapo fundi hakuwa na la kusema. Dada mkubwa wa Mwalimu, anayeishi Mbeya, alikuwa amechangia zaidi ya nusu ya gharama, na sharti lake lilikuwa moja: tangi lipakwe upya kama lilivyotoka Japani. Mwalimu alikuwa ameosha ndani ya tangi kwa siki na kokoto ndogo hadi kutu ikatoka, lakini nje hakugusa. Pembeni, rangi ilipokwisha kubanduka, tabaka zilionekana: kijani ya brashi, chini yake kijivu cha serikali, na chini kabisa ukingo mwembamba wa rangi ya kiwanda. Kwake yeye ile kijani ilikuwa tangazo la baba yao kwamba sasa chombo ni chake na kazi ni yake. Dada aliiona kwa jicho jingine, na haki ya kuiona hivyo alikuwa nayo, kwa sababu yeye alikuwapo. Mwalimu siku hizo alikuwa chuoni.

“Mdogo wangu,” alimwambia, “rangi ile ni ya mwezi tuliotolewa katika nyumba ya serikali. Vyombo vilikuwa nje, naye amechuchumaa anapaka pikipiki. Mama hakusema naye siku mbili.”

Mwalimu alijibu kwamba rangi ya Japani hakuna mtu wa nyumba ile aliyepata kuiona, hata mzee mwenyewe, kwani serikali iliipaka kijivu kabla haijafika Mbozi.

“Ndiyo maana naitaka,” dada alisema.

Ni vigumu kusema nani alikuwa na hoja bora. Wanaokarabati vitu vya kale hupenda kuzungumza juu ya uhalisi kana kwamba ni sifa iliyomo ndani ya kitu, ilhali hapa vitu vyote vitatu vilikuwa halisi, na kilichobishaniwa ni nani mwenye idhini ya kukumbuka. Aliyeona kwa macho ana haki kuliko anayesoma tabaka kwa kucha. Lakini tabaka likishakwanguliwa halirudi, na ushahidi wa dada wenyewe ungepoteza mahali pa kushikia.

Shauri lilikaa hivyo hadi Desemba. Kadi ya usajili ilikuwa bado na jina la marehemu, na ili ihamishwe zilihitajika karatasi za msimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo pamoja na fomu yenye mistari ya namba ya injini, namba ya fremu, na rangi. Katika kadi rangi ilikuwa bado kijivu. Hakuna aliyekuwa ameirekebisha tangu siku ya mnada. Dada alisafiri kuja Morogoro kwa ajili ya saini. Alikaa uani muda mrefu akiitazama pikipiki, akauliza brashi ile ilikuwa ya nani, na kwa kuwa hakuna aliyejua alijijibu mwenyewe kwamba ilikuwa ya jirani na haikupata kurudishwa. Kisha akaijaza fomu. Katika mstari wa rangi aliandika KIJANI kwa herufi kubwa, akamsogezea Mwalimu kalamu.

Pistoni mpya haikazwi. Kwa wiki kadhaa Mwalimu aliendesha nusu mafuta tu, Morogoro hadi Mzumbe na kurudi, akisimama katikati ya safari injini ipoe. Baada ya safari ya tatu fundi alitoa plagi ikiwa bado ya moto, akaishika kwa kitambaa na kuigeuza kwenye mwanga. Ilikuwa nyeusi kuliko alivyotaka. Akashauri oili ipunguzwe kidogo, kichupa kimoja kwa lita mbili na nusu, na Mwalimu akachora mstari mpya wa wino juu ya galoni la kuchanganyia.